“Unawaweza”: sifa anayopewa mwalimu mweusi mjini, na kazi iliyojificha ndani yake

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilifundisha Mbeya kwa miaka 9 kabla ya kuhamia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, na tangu Agosti ninafundisha darasa la saba katika shule ya umma ya mji mmoja mkubwa wa Ohio. Karibu wanafunzi wote ni weusi, lakini walimu weusi tuko watatu tu kati ya zaidi ya 40. Kila mtoto anayevuruga darasa la mwalimu mwingine analetwa kwangu, na mkuu wa shule hunisifu mbele ya wenzangu kwamba “ninawaweza”. Wenzangu wawili, ambao ni Wamarekani weusi, wamesema mwaka huu ukiisha wanaondoka. Je, wanayoyapitia wao ndiyo yangu, au shida yangu mimi ni ugeni tu? Na je, niwasihi wabaki?

Jibu:

Mwalimu, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu kiti unachokalia nilikikalia kwa miaka 11 kabla sijaanza kufundisha walimu. Naomba nianze na hiyo sifa, maana humo ndimo kila kitu kilimojificha. Kwetu Tanzania kazi unayoifanya ina jina: ni kazi ya mwalimu wa nidhamu. Mwalimu huyo huteuliwa, shule nzima humfahamu, na anapoitwa kuamua shauri la mwanafunzi hakuna anayejifanya kwamba hafanyi kazi. Wewe umeteuliwa bila barua, bila kuulizwa na bila kupunguziwa hata kipindi kimoja, kisha ukapewa sifa mahali pa yote hayo. Hiyo si tabia ya mkuu wako peke yake, wala haikuanza ulipofika. Ndilo jambo ambalo walimu weusi wa shule za mijini Marekani wamekuwa wakilieleza kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu limewaondoa wengi kazini kuliko utukutu wa watoto.

Katika darasa langu kulikuwa na dawati moja kando ya kabati la vitabu ambalo halikuwa la mwanafunzi wangu yeyote. Nililiweka pale mwezi wa pili wa kazi, baada ya kuona haya kuwasimamisha ukutani watoto walioletwa. Kipindi cha tatu, mara nyingi kabla sijamaliza kuandika mfano wa kwanza ubaoni, mlango uligongwa, na mwenzangu alisimama hapo amemshika mvulana begani, akaninong’oneza kwamba ni dakika kumi tu. Dakika kumi hizo zilikwisha kengele ilipolia. Mmoja wao, mtoto wa miaka 11, alikuja mara nyingi hata akawa anajibu maswali ya sehemu na desimali kabla ya wanafunzi wangu, ambao walikuwa wamemtangulia kwa mwaka mzima. Nilifurahi sana, na wakubwa wangu walifurahi kuliko mimi. Ilipofika Machi nilipitia mahudhurio ya darasa lake, nikagundua kwamba kwao kipindi cha tatu kilikuwa cha kusoma, na kwamba mtoto yule, ambaye bado alikuwa akiyafuata maneno kwa kidole moja moja, alikuwa amekosa zaidi ya nusu ya vipindi vya kusoma tangu likizo ya Krismasi. Daftarini alikuwa ameandikwa kwamba yupo.

Nakusimulia hili kwa sababu mwalimu akilalamika kuhusu mzigo huu huambiwa kwamba hawapendi watoto wenyewe, ilhali mtoto ndiye anayeulipia mzigo huo kwanza. Aliyemleta hakujifunza namna ya kumfundisha, nami niliyempokea sikumfundisha kile alichostahili kufundishwa saa ile, na wote wawili tulihesabu kwamba tumemsaidia.

Ukitaka kujua kama hilo ni lako au ni la wengi, mwaka 2016 taasisi ya Education Trust ilichapisha matokeo ya mazungumzo na walimu weusi 150 katika majimbo 7. Walimu hao walieleza kwamba walitarajiwa kuwa wasimamizi wa nidhamu kabla ya kuwa walimu, kwamba walipangiwa wanafunzi weusi wenye matatizo makubwa zaidi kwa kudhaniwa kuwa wao ndio wanaowaelewa, na kwamba ujuzi wao wa somo haukuthaminiwa kama wa wenzao. Mwaka huohuo John King, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Marekani na mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu, aliandika gazetini kuhusu kile alichokiita kodi isiyoonekana, akimaanisha kazi za ziada wanazotwishwa walimu weusi na wa jamii nyingine za wachache kwa sababu tu ya wao ni nani. Nalipenda neno hilo la kodi, kwa kuwa kodi mtu anaweza kuomba ikokotolewe.

Hilo la ujuzi wa somo halionekani haraka, lakini ndilo huuma zaidi kwa mtu aliyesomea kazi yake. Tulipokuwa tukichagua kitabu kipya cha hisabati, mwenzangu mzungu aliyeanza kazi mwaka uleule niliouanza mimi aliulizwa kama mpangilio wa mada za aljebra unafaa. Zamu yangu ilipofika niliulizwa kama watoto wataipenda michoro. Hakuna aliyekusudia kunidharau, na kama ningelalamika siku ile ningeonekana mtu wa kutafuta maneno. Hata hivyo baada ya mikutano kumi ya namna hiyo mwalimu huacha kuleta mawazo yake ya somo mezani, na wenzake huthibitishiwa walichokuwa wakikidhani tangu mwanzo.

Nije kwenye ugeni wako. Upo, na una uzito wake: lafudhi, mfumo wa alama usioufahamu, wazazi wanaokuandikia barua pepe usiku wa manane. Lakini kiti ulichokikuta kina historia iliyokutangulia, na sidhani kama utawaelewa wenzako wawili bila kuijua. Kabla ya mwaka 1954, katika majimbo 17 sheria iliwatenga watoto weusi na weupe shuleni, na shule za weusi zilifundishwa na walimu weusi, wengi wao wasomi wazuri ambao kazi nyingine za heshima walifungiwa. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoanzia Topeka, Kansas, iliamua kwamba utengano huo unavunja katiba. Dunia nzima inaikumbuka hukumu ile kama ushindi, na ulikuwa ushindi. Lakini mwaka mmoja kabla yake, hukumu ikiwa bado inangojwa, ofisi ya shule za Topeka ilikwisha kumwandikia mwalimu mmoja mweusi kwamba mwaka unaofuata huduma yake haitahitajika, kwa sababu ilidhaniwa kwamba ikiwa utengano utaondolewa, watu wengi wa mji hawatataka mwalimu mweusi awafundishe watoto weupe. Watoto waliunganishwa, shule za weusi zikafungwa, na walimu wake wakaachwa nje ya mlango. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba kati ya 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule weusi zaidi ya 38,000 walipoteza kazi katika majimbo hayo 17. Wakuu wa shule waliobahatika kubaki mara nyingi walishushwa wakawa wasaidizi, na kazi waliyopewa wasaidizi hao, Mwalimu, ilikuwa nidhamu.

Mijini hadithi hiyo ilirudi tena baadaye kwa sura nyingine. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, New Orleans iliwaachisha kazi watumishi wa shule wapatao 7,500, wakiwamo walimu zaidi ya 4,000. Kabla ya kimbunga walimu weusi walikuwa asilimia 71 ya walimu wote wa mji, na kufikia mwaka 2014 walikuwa asilimia 49. Chicago ilifunga shule zipatazo 50 kwa mkupuo mwaka 2013, nyingi zikiwa katika mitaa ya weusi ya kusini na magharibi mwa mji. Katika shule nyingine za mji huo, watumishi wote waliondolewa kwa wakati mmoja kwa hoja ya kuzifufua, na mwishoni mwa mwaka 2021 bodi ya shule ilikubali kulipa dola milioni 9.25 kumaliza kesi ya walimu na wasaidizi weusi walioachishwa kwa njia hiyo kati ya 2012 na 2014. Taasisi ya Albert Shanker ilipochunguza miji 9, kuanzia Boston na New York hadi Los Angeles, iliona kwamba kati ya 2002 na 2012 sehemu ya walimu weusi ilipungua katika yote tisa. Shule zilizofungwa au kufumuliwa zilikuwa zile zenye alama za chini katika mitaa maskini, na humo ndimo walimu weusi walimokuwa wengi. Ukiongeza mitihani ya leseni, ambayo mmoja wao mahakama ya New York iliuona kuwa wa kibaguzi baada ya kesi iliyofunguliwa 1996, utaelewa ni kwa nini leo takribani asilimia 6 tu ya walimu wa shule za umma Marekani ni weusi, ilhali wanafunzi weusi ni asilimia 15 hivi.

Kwa hiyo wenzako wanapozungumza kwa uchungu ambao wewe, mwenye mwaka mmoja tu, unaona umezidi, kumbuka kwamba wao wanaweza kukutajia shangazi aliyefungiwa shule yake, au mwalimu wao wa utotoni aliyeambiwa aombe upya kazi aliyoifanya kwa miaka 20. Wanayoyapitia leo ni yaleyale unayoyapitia. Tofauti ni kwamba wao wamekwisha kuyaona yakitokea zaidi ya mara moja.

Lipo jambo moja linalokuhusu wewe kama mgeni, na naliandika kwa sababu nililifumbia macho kwa muda mrefu. Utaambiwa kwamba ninyi mliotoka Afrika mna nidhamu, mna bidii, hamlalamiki. Maneno hayo ni matamu kwa mtu aliyefika juzi na anayetaka kukubalika, lakini sikiliza yanasemwa lini. Kwangu yalisemwa wiki ileile ambayo mwalimu mmoja, Mmarekani mweusi, alikuwa amekataa kusimamia chumba cha chakula kwa siku ya tano mfululizo. Nilitabasamu nikaichukua zamu ile, na mama yule alichukua miezi mingi kuniamini tena. Alikuwa na haki.

Pia, kwa kuwa unazungumza Kiswahili, kuna mzigo mwingine unaokuja kama bado haujafika. Tangu miaka ya 2010 familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo zimepelekwa katika miji ya Marekani, Ohio ikiwamo, na watoto wao wako katika shule kama yako. Siku moja utaitwa kutoka darasani ukatafsiri kikao cha mzazi kuhusu elimu maalumu ya mwanawe. Ukienda, nenda kama binadamu, lakini ujue unachokifanya. Mama wa Bukavu au Lubumbashi ana Kiswahili chake, chenye maneno mengi ya Kifaransa, na mbele ya watu watano wenye makabrasha anaweza kusema “ndiyo” kwa adabu tu, kisha akatia saini mpango wa mwaka mzima ambao hakuuelewa. Wajibu wa kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, nao ni wa wilaya ya shule. Wilaya ndiyo ya kuleta mkalimani aliyefunzwa. Haifai mwalimu wa hisabati atolewe darasani na wanafunzi 28 waachwe bila mtu.

Kwa nini basi walimu hawa huondoka? Wengi hudhani ni mshahara au ni umaskini wa watoto. Richard Ingersoll wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyechambua takwimu za taifa kwa miaka mingi, aliona kwamba walimu wa jamii za wachache huajiriwa zaidi katika shule za mijini zenye umaskini mkubwa, lakini umaskini huo sio unaoeleza kuondoka kwao. Kilichohusiana zaidi na kuondoka ni kutokuwa na sauti katika maamuzi ya shule na kutokuwa na uhuru wa kuamua mambo ya darasa lao wenyewe. Huko Boston, Travis Bristol aliwafuatilia walimu wanaume weusi 27, wengine wakiwa peke yao katika shule zao na wengine wakiwa katika shule zenye walimu wanaume weusi wanne au zaidi. Mtu angetarajia walio peke yao ndio waondoke, lakini mambo yalikuwa kinyume: wenye wenzao waliondoka zaidi, kwa sababu walikuwa wamerundikwa katika shule zilizoendeshwa vibaya. Nautaja utafiti huo kila ninapomsikia mtu akisema dawa ni kuwaweka walimu weusi pamoja wafarijiane. Kufarijiana ni kuzuri, lakini hakutengenezi ratiba.

Nisingependa ufikiri kwamba nakwambia usiwe chochote kwa watoto hao zaidi ya mwalimu wa kawaida, kwa kuwa ushahidi unasema wewe ni zaidi. Watafiti waliotumia kumbukumbu za jaribio kubwa la elimu lililofanyika Tennessee miaka ya 1980 waliona kwamba wanafunzi weusi waliokuwa na japo mwalimu mmoja mweusi kati ya chekechea na darasa la tatu walikuwa na uwezekano wa kumaliza sekondari uliozidi wa wenzao kwa asilimia 13, na wa kujiunga na chuo kwa asilimia 19. Tafsiri yangu, na hii ni yangu, ni kwamba faida hiyo hutokana na mtoto kufundishwa kila siku na mtu anayetarajia mengi kwake. Mtoto aliyekaa kwenye dawati langu la kando ya kabati hakuwa akipata hilo. Alikuwa akihifadhiwa.

Sasa, la kufanya. Kuanzia Jumatatu weka daftari dogo mezani. Kila mtoto anayeletwa, andika tarehe, saa aliyofika, saa aliyoondoka, ni somo gani analikosa na ametumwa na nani. Jina la mtoto liwe herufi za mwanzo tu. Usiandike maoni. Fanya hivyo kwa wiki nne. Mimi nilipojumlisha zangu nilipata saa 19 kwa mwezi mmoja, na mkuu wangu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amenisikiliza kwa upole bila kubadili kitu, aliitazama karatasi ile kimya, halafu akauliza swali la kwanza la maana: hawa watoto wanakosa somo gani? Muombe mkuu wako kikao, mpe jumla hiyo, na umwandikie baadaye barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Omba moja kati ya mambo mawili: ama kazi hiyo iingizwe katika ratiba, upunguziwe kipindi au ulipwe posho, ama ikome kuwa yako. Kabla ya kikao zungumza na mwakilishi wa chama cha walimu shuleni kwako, umwombe akuonyeshe kifungu cha mkataba wa pamoja kinachohusu kipindi cha maandalizi na majukumu ya ziada. Ninavyojua, walimu wengi wageni hawajawahi kuufungua mkataba huo.

Kwa watoto wenyewe usifunge mlango ghafla, kwa kuwa wao hawajui lolote kuhusu mikataba. Mwambie mwenzako kwamba badala ya kuletewa mtoto, uko tayari kwenda kukaa nyuma ya darasa lake mara moja kwa wiki, katika muda utakaolipwa au kuingizwa kwenye ratiba, na yeye aje kukaa nyuma ya lako. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba mvulana mmoja “aliyenisikiliza mimi tu” alikuwa anaketi mahali ambapo hakuuona ubao.

Jambo moja zaidi kuhusu ukaguzi. Msimamizi akija kukaa darasani kwako na kukupa alama, huenda ukashushwa kwa sababu darasa lilikatizwa na watoto walioletwa. Utafiti uliofanywa Chicago na Matthew Steinberg na Lauren Sartain ulionyesha kwamba alama za chini walizopata walimu weusi katika ukaguzi zilielezwa kwa sehemu kubwa na shule na madarasa waliyopangiwa, yaani umaskini na hali ya wanafunzi wanapoingia, kuliko ufundishaji wao. Andika kwenye fomu yako ya majibu kilichotokea dakika kwa dakika. Daftari lako litakusaidia hapo pia.

Kuhusu wenzako wawili: usiwasihi. Wamesihiwa sana, na kila aliyewasihi aliwaomba wavumilie kwa ajili ya watoto. Waulize badala yake, kila mmoja kwa wakati wake na si katika chumba cha walimu, ni jambo gani moja likibadilika kufikia Agosti litamfanya abaki. Ukiwa na ruhusa yao, yapeleke majibu hayo pamoja na daftari lako kwa mkuu kabla ratiba ya mwaka ujao haijapangwa. Na kama wataondoka hata hivyo, waulize wanakwenda shule gani na nani anayeiongoza. Mwaka ujao, watakapokuwa wamekaa huko miezi michache, wapigie simu.